Malcolm Lockheed: Fundi aliyewapa madereva breki za mafuta, kisha akasahaulika

YEYOTE aliyewahi kuabiri pikapu kuukuu kutoka Kathiani, ikapanda milima ya Iveti na hatimaye kuanza kuteremka kuelekea mji wa Machakos, anaijua hofu inayomwingia abiria pale dereva anapokanyaga breki na gari lisipunguze mwendo.

Dereva hukanyaga tena, na tena, mithili ya mtu anayejaza upepo kwenye gurudumu la baiskeli. Mara nyingi breki hushika katika mkanyago wa tatu au wa nne na abiria wakashusha pumzi. Siku zisiposhika, habari huishia katika kurasa za magazeti.

Hofu hiyo ina historia, na historia hiyo ina mtu. Mtu huyo ni Malcolm Loughead, Mmarekani aliyefariki mwaka 1958, ambaye ulimwengu unamjua kwa tahajia nyingine ya jina lake: Lockheed.

Wengi wakilisikia jina hilo hufikiria ndege. Hercules, ndege kubwa za mizigo zilizokuwa zikiruka kutoka Lokichoggio zikipeleka chakula cha msaada Sudan Kusini wakati wa vita, zilitengenezwa na kampuni yenye jina hilo. Hata hivyo, kabla halijaaminika angani, jina la Lockheed lilikuwa tayari limeaminika ardhini, katika magurudumu ya magari ya watu wa kawaida.

Aliyelipa jina hilo heshima ya kwanza hakuwa rubani. Alikuwa fundi wa magari.

Mtoto wa shamba la milimani

Malcolm alizaliwa katika jimbo la California katika miaka ya 1880. Mamake, Flora Haines Loughead, alikuwa mwandishi wa riwaya na ripota wa magazeti, mwanamke aliyejitegemea wakati ambapo wanawake wachache sana waliruhusiwa kufanya hivyo.

Ndoa ya Flora ilipovunjika, aliwachukua watoto wake, na baadaye akahamia nao katika shamba la matunda karibu na Alma, kwenye milima ya Santa Cruz. Huko aliwafundisha yeye mwenyewe nyumbani. Shule rasmi hawakuisoma kwa kiwango cha kujivunia, lakini nyumba yao haikukosa vitabu wala vyuma vya kuchezea.

Watatu kati ya watoto hao walivutwa na mitambo. Victor, kaka yao mkubwa wa upande wa mama, alikuwa mhandisi na mwaka 1909 alichapisha kitabu kuhusu vyombo vya angani. Allan, aliyezaliwa mwaka 1889, alitaka kuruka. Malcolm, aliyemtangulia Allan kwa miaka michache, alipenda kujua kitu kinavyofanya kazi ndani.

Jina la ukoo lilikuwa kero kwao. Lilitamkwa Lokhed, lakini kwa jinsi lilivyoandikwa, kila aliyekutana nalo kwa mara ya kwanza alilisoma visivyo. Kero hiyo ndogo ilikuja kubadilisha historia ya jina lenyewe, kama tutakavyoona.

Akiwa bado kijana barobaro, Malcolm alikwenda San Francisco na kuajiriwa kama fundi wa magari ya mvuke yaliyotengenezwa na kampuni ya White. Allan alimfuata mjini humo baada ya muda usio mrefu, naye akaingia gereji. Hivyo ndivyo wanafunzi hao wa mama yao walivyopata chuo kikuu chao, chini ya magari ya watu wengine.

Kutoka gereji hadi angani

Mnamo mwaka 1912 ndugu hao wawili walianza kuunda ndege yao katika gereji mjini San Francisco. Fedha walizipata kutoka kwa mwenye kampuni ya teksi iliyoitwa Alco, na kazi ya kutwa waliifanya kwingineko ili wapate riziki. Ndege waliijenga usiku na siku za mapumziko.

Juni 15, 1913, chombo chao kilichokuwa na uwezo wa kutua majini kiliruka kutoka ghuba ya San Francisco. Allan ndiye aliyekiendesha. Baada ya kuruka peke yake alirudi na kumchukua Malcolm, wakazunguka pamoja juu ya ghuba.

Furaha hiyo haikudumu. Ndege ilipata hitilafu, mfadhili akakata tamaa, nao ndugu wakaenda kutafuta dhahabu milimani bila mafanikio makubwa. Waliikomboa ndege yao kwa wakati wa Maonyesho ya Kimataifa ya San Francisco ya mwaka 1915, wakawa wanawarusha wananchi kwa dakika chache kwa malipo ya dola 10 kila mmoja. Watu wapatao 600 walipanda.

Kwa fedha hizo waliweza kuanzisha kampuni ya kuunda ndege mjini Santa Barbara mwaka 1916. Huko waliunda ndege kubwa ya majini yenye injini mbili, ambayo mnamo 1919 ilimbeba Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji, taifa lililoitawala Kongo wakati huo, alipozuru California.

Lakini vita vikuu vya kwanza vilikuwa vimekwisha, na serikali ya Marekani ilikuwa ikiuza ndege zake za ziada kwa bei ya kutupa. Nani angenunua ndege mpya ya akina Loughead ilhali ndege ya jeshi ilipatikana kwa bei ndogo kuliko hiyo? Mwaka 1921 kampuni ilifungwa.

Malcolm hakungoja kuona mwisho huo. Mnamo 1919 aliwaaga wenzake, akafunga safari hadi Detroit, makao makuu ya utengenezaji wa magari. Mkobani alikuwa na wazo ambalo alikuwa amelipatia hataza mwaka 1917. Wazo hilo halikuwa la kuruka. Lilikuwa la kusimama.

Tatizo alilolijua fundi

Ili kuelewa kwa nini mtu aache ndege ashughulikie breki, ni sharti tujue breki zilikuwaje enzi hizo.

Magari ya wakati huo yalisimamishwa kwa vyuma na nyaya. Mguu wa dereva ulivuta chuma kirefu kilichopita chini ya gari, nacho kikavuta vyuma vingine hadi kwenye gurudumu. Kila kiungo kililegea kivyake na kila waya ulinyooka kivyake. Fundi angeweza kurekebisha breki asubuhi na kufikia jioni gurudumu la kulia likawa linashika kabla ya la kushoto.

Breki zikishika upande mmoja, gari huvutwa upande huo. Likiwa kwenye mteremko au kwenye tope, hugeuka na kutazama lilikotoka, au likapinduka. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi waliogopa kuweka breki kwenye magurudumu ya mbele, ingawa hayo ndiyo yanayobeba uzito zaidi gari linaposimama. Magari mengi yalikuwa na breki nyuma pekee.

Malcolm alikuwa ameyashika magari hayo kwa mikono yake na aliijua kero yenyewe. Suluhisho alilipata katika kanuni ambayo mwanafunzi yeyote wa fizikia wa shule ya upili hufundishwa, ile ya Mfaransa Blaise Pascal wa karne ya 17: kiowevu kikifungiwa ndani ya chombo na kusukumwa mahali pamoja, shinikizo husambaa sawasawa kila upande.

Fikiria sindano mbili za daktari zilizounganishwa kwa mrija uliojaa maji. Ukisukuma moja, nyingine hufunguka. Ukiunganisha nne kwenye moja, zote nne hupata shinikizo sawa, hakuna inayopendelewa.

Hivyo ndivyo Malcolm alivyofanya. Mguu wa dereva ungesukuma pistoni katika silinda kuu. Kiowevu kingepita kwenye mabomba membamba hadi kwenye silinda ndogo katika kila gurudumu, nazo zingezisukuma breki. Kwa kuwa shinikizo ni moja, magurudumu yangeshika kwa pamoja, nayo barabara mbovu isingeweza kuulegeza mfumo kama ilivyolegeza nyaya.

Si kwamba hakuna mwingine aliyewahi kuwaza kutumia kiowevu. Wengine walijaribu kabla yake, na ndugu wa Duesenberg, waliounda magari ya kifahari na ya mashindano, walikuwa wakishughulikia mfumo wa aina hiyo wakati uo huo. Sifa ya Malcolm ni kwamba alilikamata wazo, akalifanyia biashara, na akakataa kuliacha hata lilipomwaibisha.

Aibu ya kuvuja

Lilimwaibisha kweli. Breki za awali zilivuja. Vizuizi vya ndani ya silinda vilitengenezwa kwa ngozi, na ngozi ilikauka, ikajikunja, ikaachilia kiowevu kitoke. Tone moja leo, tone jingine kesho, na siku ya tatu dereva hukanyaga hewa.

Wapinzani walipata la kusema. Chuma, hata kikilegea, unakiona kwa macho. Kiowevu kilichofichwa ndani ya bomba nani atakiamini na watoto wake wamo garini?

Hilo lilikuwa swali la haki, na ndilo swali ambalo pikapu ya Kathiani ingali inaliuliza hadi leo. Malcolm alikuwa akiwaomba watu wakabidhi maisha yao kwa kitu wasichokiona.

Jibu la kwanza lilitoka kwenye mashindano. Mnamo Julai 1921, dereva Jimmy Murphy wa Marekani alishindana katika Grand Prix ya Ufaransa mjini Le Mans akiendesha gari la Duesenberg lenye breki za kiowevu katika magurudumu yote manne. Alikuwa ameumia mbavu katika ajali ya mazoezi na alishindana akiwa amefungwa bendeji. Barabara ilichimbika, mawe yakaruka, lakini Murphy aliweza kuchelewa kukanyaga breki kwenye kona kuliko wapinzani wake. Alishinda.

Mwaka huo huo Duesenberg walianza kuuza gari lao la kwanza la umma lenye breki za aina hiyo katika magurudumu manne. Lakini hilo lilikuwa gari la matajiri.

Jibu la pili, lililowafikia watu wa kawaida, lilitoka kwa Walter Chrysler. Mnamo Januari 1924 Chrysler alizindua gari lenye jina lake jijini New York. Alilionyesha katika ukumbi wa kuingilia wa hoteli, kwa kuwa maonyesho rasmi hayakupokea gari ambalo halijaanza kuuzwa. Lilikuwa na breki za Lockheed katika magurudumu yote manne, na bei yake ilikuwa ya wastani.

Wahandisi wa Chrysler hawakuzipokea breki hizo zilivyokuwa. Waliziboresha, hasa kwa kuondoa vizuizi vilivyovuja na kuweka vya mpira. Badiliko hilo dogo ndilo lililougeuza uvumbuzi wa Malcolm kutoka kitu cha kuonyesha kuwa kitu cha kutegemewa. Katika mwaka wa kwanza magari zaidi ya 30,000 ya aina hiyo yaliuzwa.

Ni haki kusema basi kwamba breki hizi si kazi ya mtu mmoja. Malcolm alitoa wazo na ukaidi, nao wahandisi wa Chrysler wakatoa mpira uliozuia wazo hilo lisivuje.

Kampuni moja baada ya nyingine ilifuata. Nchini Uingereza, kampuni ya Automotive Products ya Leamington ilipata leseni na kuanza kuzitengeneza breki za Lockheed, ambazo zilifungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza yaliyokuja kuuzwa katika makoloni, Kenya ikiwemo. Henry Ford alishikilia vyuma vyake hadi alipobadili msimamo katika magari yake ya mwaka 1939, miaka 15 baada ya Chrysler.

Jina lapanda angani

Wakati Malcolm akistawi Detroit, Allan alikuwa amerudia maisha ya kubahatisha. Mnamo 1926 alijaribu tena kuanzisha kampuni ya ndege. Safari hii iliitwa Lockheed, kwa tahajia iliyokuwa tayari ikijulikana na wanunuzi wa magari nchini kote. Jina ambalo kila mtu aliwahi kulikosea sasa lilisomeka, na lilikuwa limeshaambatana na usalama.

Kampuni hiyo iliunda ndege ya Vega, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1927 na ambayo Amelia Earhart aliitumia kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1932. Hata hivyo, Allan hakuvuna matunda yake. Kampuni iliuzwa mwaka 1929, ikafilisika wakati wa mdororo mkuu wa kiuchumi, kisha mwaka 1932 ikanunuliwa na kikundi cha wawekezaji kwa dola 40,000 tu. Chini yao ndipo ilipokua na kuwa mojawapo ya kampuni kubwa zaidi za ndege duniani, ikiwa na jina la watu ambao hawakuwa na hisa ndani yake.

Mwaka huo huo wa 1932, Malcolm naye aliiuza kampuni yake ya breki kwa shirika la Bendix. Hivyo, katika mwaka mmoja, ndege na breki zilizobeba jina la ndugu hao zilijikuta mikononi mwa watu wengine.

Baada ya hapo Malcolm hakutafuta umaarufu. Alirejea California na kuishi Mokelumne Hill, mji mdogo wa wachimbaji wa zamani, akirudia ile kazi ya ujanani ya kutafuta dhahabu. Huko ndiko alikofia mwaka 1958. Allan alimfuata mwaka 1969.

Urithi wake chini ya mwembe

Turudi Kathiani. Katika boma nyingi za Ukambani utaikuta pikapu ya zamani imeegeshwa chini ya mwembe, magurudumu yamezama na kuku wametaga ndani. Nyingine ni Peugeot 404, aina iliyoshinda Safari Rally mara nne katika miaka ya 1960 na ambayo pikapu zake ziligeuzwa matatu kote nchini katika miaka iliyofuata. Nyingine ni Datsun. Zilibeba kahawa, zikabeba maharusi, zikabeba wagonjwa.

Siku hizi wako vijana na wazee wanaotamani kuyafufua magari hayo, ama kwa kazi ama kwa kumbukumbu ya mzazi aliyeyanunua. Takriban wote huanza na injini. Injini ikinguruma, jirani hukusanyika, picha hupigwa, na gari hupakwa rangi. Breki hukumbukwa mwisho, ikiwa zitakumbukwa.

Huko ni kupanda mnazi kwa kichwa. Kadiri injini inavyokuwa na nguvu ndivyo breki zinavyohitajika zaidi, na gari lililolala miaka mingi huharibika kwanza pale ambapo jicho halifiki.

Fundi anapoufungua mfumo wa breki wa gari kama hilo, anakutana na hoja zilezile alizokabiliana nazo Malcolm. Kiowevu cha kawaida cha breki hufyonza unyevu kutoka hewani. Maji hayo huila silinda kwa kutu, na kutu ikishachimba vishimo, mpira mpya hauwezi kuzuia chochote. Silinda iliyochimbika haisuguliwi kwa matumaini. Hubadilishwa.

Unyevu huo huo una hatari nyingine, ambayo wakazi wa milima ya Iveti wanapaswa kuijua kuliko wengine. Breki zikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko hupata moto. Kiowevu chenye maji huchemka upesi, na kikichemka hugeuka mvuke. Kanuni ya Pascal hukoma hapo, maana mvuke hubonyea. Pedali huenda hadi sakafuni na gari likaendelea na safari yake.

Ndiyo maana kiowevu cha zamani hakiongezewi kipya juu yake. Humwagwa chote, mabomba yakasafishwa. Aidha, mafuta ya injini hayatiwi humo kamwe, hata kama kiowevu kimepungua njiani na duka liko mbali. Mafuta hayo huivimbisha na kuiozesha mipira iliyochukua nafasi ya ngozi ya Malcolm.

Mabomba ya chuma hukaguliwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na lililoliwa na kutu halichomelewi. Mipira inayonyumbulika karibu na magurudumu hudanganya. Nje yaweza kuonekana mizima ilhali ndani imeziba, na gurudumu likakataa kuachia.

Ndani ya dramu ya gurudumu kuna bitana inayosuguana na chuma. Hii ina mzee wake mwingine, Mwingereza Herbert Frood, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 aliwaona wakulima wa milima ya Derbyshire wakifunga viatu vikuukuu kwenye breki za mikokoteni yao. Kutokana na hilo alianzisha kampuni ya Ferodo. Wasukuma mikokoteni wetu wanaofunga kipande cha tairi nyuma ili kiburuzwe chini kwenye mteremko wanatumia akili iyo hiyo.

Hapa pana tahadhari. Bitana za magari ya zamani zilichanganywa na asibesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani na magonjwa mengine ya mapafu baada ya miaka mingi. Fundi asilipulize vumbi la dramu kwa mdomo wala kwa upepo wa mashine. Alilowanishe, alipanguse kwa kitambaa na kukitupa kitambaa hicho mbali na watoto.

Baada ya kuunganisha vyote, hewa yote hutolewa ndani ya mabomba, mmoja akikanyaga na mwingine akifungua na kufunga kwenye gurudumu, aghalabu wakianza na lile lililo mbali zaidi na silinda kuu. Pedali inapaswa kuwa ngumu kwa mkanyago mmoja. Pedali inayohitaji kupigwa kama pampu inasema kwamba kuna hewa, au kwamba kuna mahali panapovuja, au kwamba bitana ziko mbali na dramu. Haisemi kwamba dereva aizoee.

Gari hujaribiwa kwanza uani, kisha kwenye barabara tambarare, na mwisho kabisa kwenye mteremko.

Dosari aliyoiacha

Mfumo wa Malcolm ulikuwa na dosari moja kubwa ambayo sharti itajwe. Magurudumu yote manne yalilishwa na silinda moja kupitia njia moja. Bomba moja likipasuka popote, yote manne hukosa breki kwa pamoja. Ule usawa uliokuwa fahari ya uvumbuzi huu uligeuka kuwa usawa wa maangamizi.

Ilichukua miongo mingi kabla ya jambo hilo kurekebishwa kwa sheria. Tangu mwaka 1968 Marekani imelazimisha magari madogo mapya yawe na njia mbili zinazojitegemea, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Pikapu nyingi za kabla ya hapo, na hata baadhi za baadaye, hazina kinga hiyo. Kimbilio la pekee ni breki ya mkono, ambayo hadi leo huvutwa kwa waya, kama kabla ya Malcolm. Anayefufua gari kuukuu na kuiacha breki ya mkono imekufa amejinyima nafasi ya pili.

Nchi yetu haihitaji kukumbushwa gharama. Mteremko wa Salgaa na Sachang'wan, ambako madereva walizoea kuweka magari huru ili kuokoa mafuta, umeacha makaburi mengi. Mnamo Juni 30, 2023, lori lililoshindwa kudhibitiwa liliwaua zaidi ya watu 50 katika makutano ya Londiani. Mteremko hauulizi kama gari ni lori au pikapu.

Malcolm Lockheed hakuacha mnara, na wanaolitaja jina lake kila siku hudhani wanataja ndege. Mgala muue na haki yake mpe. Akina Loughead walijifunza kuruka pamoja, lakini mmoja wao alitambua kwamba binadamu aliyejifunza kwenda kasi alikuwa bado hajajifunza kusimama, akaiacha fahari ya angani akashughulikia hilo.

Pikapu ya babu ikishuka kutoka Iveti na kusimama kwa mkanyago mmoja mbele ya watoto wanaovuka barabara kwenda shule, hakuna atakayepiga makofi. Watoto watavuka, dereva ataingiza gia, na safari itaendelea.